Yagi na adapta ya USB, CPE au dishi la grid? Nataka kuvuta Wi-Fi ya kaka mpaka kwangu Kibaha

MkaziKibaha
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijateremka Kariakoo Jumamosi. Kaka yangu ana intaneti ya fiber nyumbani, na kifurushi chake kinamzidi. Kwangu ni ng'ambo ya bonde, fiber haijafika. Nimebakiza vitu vitatu:

1. Antena ya yagi (ile ya kifimbo chenye vijiti) iliyoandikwa 25 dBi, yaani kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi upande mmoja, pamoja na adapta ya USB ya Alfa
2. CPE ya nje (redio na antena kwenye boksi moja) kama TP-Link CPE510
3. Dishi la grid (la wavu wa vyuma) la 24 dBi

Bajeti laki mbili. Kipi kinavuta mbali zaidi?

Fundi_Mlingoti
Mkuu, hapo hatuwezi kukujibu. Tupe haya kwanza: umbali uliopimwa kwenye ramani, si wa kukisia. Katikati kuna nini, miti, nyumba au kilima? Ukipanda juu ya paa lako unaliona paa la kaka kwa macho? Kaka atakuruhusu ufunge kifaa kwake, au unategemea ruta yake iliyoko sebuleni? Na kwako inatakiwa kompyuta moja au nyumba nzima?

dBi_Halisi
Wakati tunasubiri majibu, hiyo namba 1 iondoe. Kwa masafa ya gigahezi 2.4, 25 dBi inahitaji dishi lenye kipenyo cha karibu mita moja. Yagi ya nusu mita ikitengenezwa vizuri hutoa kama 12 au 13. Kwenye kasha wanaandika wanavyotaka. Grid ya 24 dBi ukiitazama ina upana wa sentimita 60 kwa 90 hivi, kwa hiyo namba yake inaendana na umbo lake. Antena haitengenezi nguvu, inaikusanya upande mmoja tu, na ili ikusanye lazima iwe na eneo. Ukiona kifimbo kina 25 dBi, rudisha mezani.

Kopo_na_Dishi
Jamani kwa nini anunue dishi wakati madishi ya ving'amuzi yametupwa kila uchochoro? Dishi la sentimita 60 kwenye gigahezi 2.4 linatoa kama 20 dBi. Unatoa LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi, unaweka kopo la chuma pale pale ilipokuwa, mdomo wa kopo ukitazama dishi.

Vipimo ni hivi. Kopo liwe na kipenyo cha ndani cha sentimita 9. Toboa tundu sentimita 5.1 kutoka kwenye kitako, funga konekta ya N ya kike, na kwenye pini yake chomelea waya mnene wa shaba uingie ndani ya kopo sentimita 3.1. Kopo la sentimita 10 msitumie, maana likipita 9.4 wimbi linaanza kusafiri ndani kwa mtindo wa pili na nguvu inagawanyika. Likiwa chini ya 7.3 wimbi halipiti kabisa. Kwenye konekta unafunga adapta ya USB moja kwa moja kwa kipande kifupi, kisha unashusha kebo ya USB mpaka ndani.

Fundi_Mlingoti
Vipimo vyako viko sawa, ila mwambie na upande wa pili. Kebo ya USB 2.0 mwisho mita 5. Zaidi ya hapo anahitaji kebo ya USB yenye kikuza ndani yake, na adapta za Alfa zinakula umeme mwingi, ikifika juu volti zimeshuka, adapta inajizima na kujiwasha. Watu wanalaumu antena kumbe ni umeme. Tena dishi la king'amuzi ni la pembeni, haliangalii pale linapoonekana kuangalia. Ukitaka litazame upeo wa macho inabidi uliinamishe mpaka lionekane kama linatazama chini.

Kopo_na_Dishi
Au aligeuze juu chini, mkono uwe juu. Linafanya kazi vile vile na maji hayatuami.

MkaziKibaha
Asanteni. Umbali ni kama kilomita moja hivi. Paa la kaka naliona wakati wa kiangazi. Katikati kuna bonde, miembe na minazi kidogo. Ruta ya kaka iko sebuleni, nyumba ya bati. Nataka nyumba nzima, watu watano. Kufunga kifaa kwake anaruhusu, ila hataki mlingoti mrefu.

dBi_Halisi
"Naliona wakati wa kiangazi" ni jibu kubwa sana hilo. Maana yake kuna jani katikati, na jani lenye maji ndilo adui wa gigahezi 2.4 na 5 zote mbili, 5 zaidi. Pima tena umbali kwenye ramani ya simu, bonyeza paa lako kisha paa lake.

MkaziKibaha
Nimepima. Kilomita 1.9. Samahanini.

dBi_Halisi
Sawa, sasa hesabu inawezekana. Kwa kilomita 1.9 hewani tupu, gigahezi 2.4 inapoteza desibeli 106 hivi, gigahezi 5.5 inapoteza 113.

Njia yako ya kwanza: ruta ya kaka inatoa 20 dBm, antena zake ongeza 3, ukuta na bati toa 10 kwa ukarimu, toa 106, yagi ya kweli ongeza 13. Unapata -80 dBm, na kumbuka namba ikikaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Ukiweka mita 5 za kebo ya RG58, inayomeza desibeli moja hivi kila mita, umeshuka -85. Hapo hujahesabu mwembe hata mmoja. Jina la mtandao utaliona kwenye orodha, ukibonyeza kuunganisha inazunguka tu.

CPE510 mbili, moja kila upande juu ya paa: 20, ongeza 13, ongeza 13, toa 113. Ni -67, na redio iko ndani ya antena yenyewe kwa hiyo hakuna kebo ya kumeza. Tofauti ya desibeli 18 ni nguvu mara 60 na zaidi.

Fundi_Mlingoti
Na hapo ndipo wengi wanapokwama: kusikia si kusikika. Alfa yake inaweza kumsikia kaka, lakini ruta ya sebuleni nayo inatakiwa imsikie yeye, na kila pakiti lazima ijibiwe. Ruta ya kawaida haina mpangilio wa umbali. Wimbi linachukua kama maikrosekunde 6.3 kwenda kilomita 1.9 na nyingine 6.3 kurudi. Ruta isiyojua umbali inaweza kuchoka kusubiri, inatuma tena kitu ambacho kimeshafika, spidi inakufa. Kwenye CPE unaandika umbali na inasubiri inavyopasa.

Kuhusu urefu: si kuonana kwa macho tu. Wimbi linahitaji nafasi kama yai refu kati ya nyumba mbili. Kwa kilomita 1.9, katikati ya safari nusu kipenyo cha hilo yai ni mita 7.6 kwa gigahezi 2.4 na mita 5.1 kwa 5.5. Asilimia 60 ya hapo lazima iwe wazi, yaani mita 4.6 au 3.1 chini ya mstari. Bonde linakusaidia hapo. Miembe ndiyo swali. Iko katikati au karibu na nyumba moja?

Bi_Mtandao
Naongezea kuhusu dishi la grid, kwa sababu watu wanalipenda kwa umbo lake. Grid haina redio ndani. Inataka kebo kutoka juu mpaka kwenye kifaa, na kebo hiyo ndiyo inayoua.

Kuna mtambo mmoja Bagamoyo ulifungwa hivyo: grid mbili za 24 dBi, kilomita 3, mita 12 za kebo nene kila upande. Mwezi wa kwanza -58, safi kabisa. Masika ilipoanza ikashuka -66, kisha -75, kisha ikawa inakatika kila asubuhi na kurudi saa saba mchana. Fundi wa kwanza akasema antena imeyumba, akazungusha dishi siku nzima. Wa pili akasema mtu mwingine anatumia chaneli ile ile, akabadilisha chaneli zote. Wa tatu akauza redio mpya. Mwisho konekta ya N ya juu ikafunguliwa na maji yakachuruzika. Ilikuwa imefungwa kwa utepe wa umeme wa kawaida. Jua linaukausha, gundi inaachia, mvua inaingia, na maji yanateremka ndani ya kebo kati ya wavu na plastiki mpaka yanakuta konekta ya chini. Jua la mchana likikausha kidogo, mawasiliano yanarudi, ndiyo maana ya ile saa saba. Shaba ya ndani ilikuwa ya kijani kwa zaidi ya mita mbili. Kebo yote ikatupwa.

Ufungaji unaotakiwa: safu ya kwanza utepe wa umeme, ya pili utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe ukivutwa vizuri, ya tatu utepe wa umeme tena kuzuia jua, na yote unaviringisha kutoka chini kwenda juu ili mikunjo ipandane kama vigae. Kisha kabla kebo haijaingia ndani ya nyumba unaiacha ining'inie chini kidogo ili maji yadondokee nje. Na pwani chumvi inakula skrubu. Nunua yu-bolti zilizopakwa zinki nzito, si zile zinazong'aa tu.

NyaliNet
Watu wa Tanzania Bara mnajitesa na miembe. Huku Kenya Starlink, intaneti ya setilaiti, iko tangu Julai 2023, unaweka sahani juu ya paa, mbingu wazi, imekwisha.

Fundi_Mlingoti
NyaliNet, mwenzako ana laki mbili na intaneti ya kaka ambayo imeshalipiwa. Huko atalipa kifaa na kila mwezi. Tena kwetu kifaa chochote cha redio kinaangaliwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, huwezi kununua tu cha jirani ukavuka nacho Horohoro.

NyaliNet
Sijamwambia avushe. Nasema hesabu ya miaka miwili, pamoja na mlingoti, umeme na mafundi watatu wa Bagamoyo, ilinganishwe vizuri.

Kopo_na_Dishi
Na mimi nasema kopo halijapewa haki. Kopo kwa dishi kila upande ni 20 dBi, linaizidi CPE510 kwa desibeli 7 kila ncha.

dBi_Halisi
Kwenye karatasi ndiyo. Lakini kopo lina mkao mmoja tu wa wimbi, wima au mlalo kufuatana na pini, kwa hiyo anapata mkondo mmoja wa data. CPE510 ina mikao yote miwili ndani, mikondo miwili kwa wakati mmoja. Ukitaka nguvu ya dishi na mikondo miwili, kuna LiteBeam 5AC, 23 dBi, redio iko mbele ya dishi lenyewe. Ila kadiri antena inavyokaza ndivyo kulenga kunavyokuwa kugumu, na bomba likiyumba na upepo unapoteza.

MkaziKibaha
Miembe mikubwa iko kwangu, kama mita 40 kutoka ukutani, na ni ya jirani. Minazi iko bondeni, vichwa vyake viko chini ya paa. Je, niongeze urefu kwangu tu? Na je kebo gani ya kushusha?

Fundi_Mlingoti
Umetupa habari nzuri. Miti ikiwa karibu na ncha moja, lile yai hapo ni jembamba. Mita 40 kutoka kwako, kwa gigahezi 5.5, nusu kipenyo chake hakifiki hata mita 2. Ukiipita miembe kwa mita 2 upande wako, upande wa kaka unatosha juu ya paa bila mlingoti.

Bomba la chuma la inchi moja na nusu, mita 6, mita moja ya chini ifungwe ukutani kwa vishikizo viwili, juu ya hapo nyaya tatu za kuvuta. Usitumie mti wala bomba la plastiki. Chini funga waya wa shaba mpaka kwenye fimbo ya shaba ardhini, radi za Masika hazibembelezi.

Kebo ni ya mtandao, ya nje, shaba tupu. Ile iliyopakwa shaba juu ya aluminiamu inapoteza volti na CPE inajizima usiku kaka akiwasha pasi. Umeme unapanda kwenye kebo hiyo hiyo kwa kiingiza umeme kinachokuja ndani ya kasha. TP-Link wanasema mwisho mita 60. Hicho kiingiza umeme ni cha kifaa chake, tundu lake linalotoa umeme usilichomeke kwenye laptopu au swichi ya kawaida.

Kulenga: anza na upana wa chaneli wa megahezi 20, si 40. Mmoja awe juu, mwingine asome namba kwenye skrini. Geuza kidogo, subiri sekunde 10, soma. Ukipata kilele endelea kugeuza mpaka kishuke halafu kipande tena, kwa sababu antena ina vilele vidogo vya pembeni vinavyodanganya.

Bi_Mtandao
Na CPE ikishamaliza kazi yake, ndani unaweka ruta yoyote ya zamani igawe Wi-Fi kwa nyumba. Hapo adapta ya USB haihitajiki kabisa.

MkaziKibaha
Jozi ya CPE inapita laki mbili yangu nilivyouliza jana. Halafu nimesahau kusema, nikiwa juu ya paa naona mnara wa simu kama mita 800 hivi, upande wa barabara kuu.

dBi_Halisi
Mkuu, hilo lilitakiwa liwe kwenye posti ya kwanza! Mnara wazi mita 800, huhitaji bonde wala kaka. Chukua ruta ya 4G yenye matundu mawili ya antena. Kabla ya kununua antena ingia kwenye ukurasa wa ruta usome RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele). RSRP ikiwa juu ya -90 na SINR inapita 15, antena ya nje haitakuongezea kitu cha maana. Ikiwa RSRP ni -110, nunua mbili za aina ya logi (zenye vijiti vinavyopungua urefu) zinazopokea megahezi 700 mpaka 2700, moja imeinama kulia na nyingine kushoto, nyuzi 45. Na angalia konekta: SMA ya ruta za 4G na RP-SMA ya Wi-Fi zinafanana nyuzi, ila pini iko kinyume. Ukifunga antena ya Wi-Fi kwenye ruta ya 4G inakaza vizuri na hakuna kinachogusana katikati.

Bi_Mtandao
Lakini vifurushi vya 4G kwa watu watano? Fiber ya kaka haihesabiwi kwa GB.

Fundi_Mlingoti
Ndiyo. Na minara ya barabara kuu jioni inajaa, SINR nzuri haikusaidii mnara ukiwa na watu.

NyaliNet
Narudia Starlink.

MkaziKibaha
Nimechanganyikiwa kidogo. Jumamosi siendi Kariakoo. Nitapanda na simu nisome RSRP ya mitandao mitatu saa mbili usiku, halafu nipime urefu wa ile miembe. Fundi, mwembe unapimwaje bila kuupanda?

Fundi_Mlingoti
Chomeka fimbo ardhini ibaki mita 2 juu, pima kivuli chake, pima kivuli cha mwembe muda huo huo. Kivuli cha mwembe gawa kwa kivuli cha fimbo, zidisha kwa 2. Pima saa tatu asubuhi, si saa sita mchana. Na ongeza mita moja na nusu, unakua.

Kopo_na_Dishi
Kama ana dishi la zamani pale nyumbani bado naomba picha yake.