Familia ya Nguba

Mama: Furaha mutoto wangu tangu juzi hausemi kitu humu. Umekula?

Furaha: Niko muzima Mama, nisamehe, ilikuwa mambo ya makaratasi. Leo polisi amefika ku kot yangu, ile chumba ya wanafunzi

Mama: POLISI?? Yesu wangu umefanya nini

Tantine Neema: Furaha eleza haraka, tansio ya mama yako itapanda

Furaha: Hapana Mama usiogope, huku Ubelgiji polisi ya kartie njo mwenye anakuya kuona kama kweli unalala kwenye ulisema unalala. Ukifika uko na siku 8 za kazi za kwenda kujiandikisha ku komini, ofisi ya muji, ba komini njo banatuma polisi, akisha kukukuta njo unapata karte ya kuishi. Bila yeye uko sawa mutu hajafika

Bahati: yaya sasa mbona imechukua miezi mbili

Furaha: Juu ya jina. Alikuya mara ya kwanza niko ku kozi, akaangalia ku masanduku ya barua pale chini ku mulango, akakuta jina ya binti mwenye alihama mwaka jana, akarudia. Mwenye nyumba alisema ataweka yangu, hakuweka. Mi niko nangojea kule juu kila siku nasikiliza ngazi, kumbe chini jina hakuna!! Nikarudi ku komini kuanza tena. Ile siku nililia, siwafiche, giza huku sasa inaingia mbele ya saa kumi na moja na sikuwa na mutu wa kuambia

Mama: Pole mama yangu. Ungepiga hata usiku

Furaha: Nikakata karatasi ya kaye, nikaandika na biki nyeusi, nikapiga skochi juu yake mvua isilowanishe. Leo polisi amesoma jina, akapanda mpaka kwangu

Bahati: mi nikifika septemba naanza na jina

Furaha: Mbele hata ya kutoa nguo ku valizi Bahati. Na kuingia ku mituele, bima ya matibabu, usikawie. Kazi ni saa 20 ku juma wakati wa masomo, usipitishe, tena bila karatasi za kukaa hawakuchukui

Papa: Na kozi?

Furaha: Mwanzo ilikuwa nguvu Papa, profesa anaongea mbio. Lakini hesabu hainisumbui, babelge nabo banasema septante (70) na nonante (90) sawa kwetu. Kuna kijana wa Burkina yeye alizoea kusema soixante-dix ku 70, alikuwa ananiuliza kila mara, njo tulianza kusoma pamoja

Tantine Neema: Unakula nini huko

Furaha: Jumamosi nilichukua treni toka huku Louvain-la-Neuve mpaka ku gare ya Bruxelles-Luxembourg, pale unatembea tu na miguu uko Matonge, kartie ya Bakongomani. Nikapata sombe na ndagala na unga ya muhogo. Mbele ya duka mama moko alikuwa anakemea mutoto wake na Kiswahili ya kwetu kabisa, nikasimama pale kumusikiliza tu mpaka wakaondoka

Mama: 😭😭 Tuma foto ya ile sanduku

Furaha: 📷

Papa: Umeandika na jina ya babu

Furaha: Ndiyo Papa, yote tatu, sawa ku pasipoti

Papa: Nimeona

Mama: Amechukua simu yangu, anaonesha jirani