Hati za fleti nchini Kenya: nani abebe gharama ya kuzibadilisha?

Ndugu zangu, naleta mjadala huu kwa sababu tumezoea kuizungumzia fleti kama ploti, ilhali sheria haizitazami kwa jicho moja. Mnunuzi wa fleti ya ghorofa ya nne Kilimani au Nyali, kwa utaratibu uliozoeleka miaka mingi, alipewa mkataba wa ukodishaji wa muda mrefu tu, huku hati mama ya kiwanja ikibaki kwa mjenzi, kwa ahadi kwamba fleti zote zikishauzwa ataihamishia kampuni ya usimamizi.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo na kuifuta ile ya 1987, ililenga kuondoa hali hiyo. Inataka kiwanja kiwe cha milki huru, yaani isiyo na kikomo cha muda, au cha kukodi ambacho muda wake uliobaki haupungui miaka 21. Mpima ardhi huchora ramani inayoonyesha mipaka ya kila sehemu, yaani kila fleti, kaunti ikaiidhinisha na mamlaka ya upimaji ikaithibitisha, ndipo Msajili wa ardhi anapofunga rejista ya hati mama na kufungua rejista mpya kwa kila sehemu. Hapo ndipo linapozaliwa shirika la wamiliki, na kila mmoja hupata fungu lake katika mali ya pamoja, yaani ngazi, paa, lifti na maegesho.

Wapo wanaosema kwamba masharti haya ni mzigo na yalegezwe, kwa kuwa sheria iliagiza mikataba ya zamani ibadilishwe ndani ya miaka miwili, na mtu aliyekwisha kumlipa wakili na kulipa ushuru wa stempu akatakiwa achange tena kwa ajili ya mpima. Malalamiko hayo ni ya haki kabisa, ila dawa iliyopendekezwa siikubali. Bila ramani iliyosajiliwa, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba paa ni la wote, na mjenzi akiongeza ghorofa juu yake wakazi watabaki kushika risiti mkononi.

Kosa liko kwa anayebebeshwa gharama. Ni kweli kwamba mjenzi akikataa, wenye fleti wanaweza kuomba ubadilishaji wao wenyewe. Lakini bili inakuwa yao, ingawa aliyeshikilia hati mama na kuendelea kuuza ni mwingine. Kwa maoni yangu, mjenzi wa leo asipokee malipo ya mwisho kabla ramani haijasajiliwa, na yule wa zamani ambaye bado ana fleti katika jengo agharimie upimaji wote.

Anayetaka masharti yalegezwe anijibu hili: mjenzi akishafariki, au kampuni yake ikishavunjwa, lifti ikaharibika na shirika la wamiliki halipo, ni nani mwenye mamlaka ya kutia saini mkataba wa kuitengeneza?