Kustaafia Thailand: tununue fleti, tupange nyumba yenye kiwanja, au tusubiri kwanza?

Mstaafu Mtarajiwa

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Nina umri wa miaka 57 na nimebakiza mwaka mmoja na miezi michache kabla ya kustaafu. Mke wangu ana miaka 48. Tumekwenda Thailand mara tatu kwa mapumziko, mara ya mwisho tukakaa Chiang Mai wiki sita, na tumekubaliana kwamba huko ndiko tungependa kuishi uzeeni. Pensheni yangu italipwa kila mwezi, na juu yake nitapata kiinua mgongo ambacho dalali mmoja tuliyekutana naye huko amekwisha kukipigia hesabu kabla yangu mwenyewe.

Dalali huyo alituonyesha sehemu mbili. Ya kwanza ni fleti ya vyumba viwili katika ghorofa ya saba, ambayo alisema inaweza kuandikishwa kwa jina langu moja kwa moja. Ya pili ni nyumba yenye kiwanja chake na mwembe uani, na hiyo ndiyo iliyouteka moyo wa mke wangu. Kwa kuwa mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi, alipendekeza ama mkataba wa upangaji wa "miaka 30, kisha 30, kisha 30", ama kufungua kampuni ambayo raia wa huko watashika asilimia 51 ya hisa kwenye karatasi tu, huku mimi nikiwa mkurugenzi. Alisema kila mtu hufanya hivyo.

Naomba kuuliza: je, kumiliki fleti kunamsaidia mtu kupata viza ya kukaa muda mrefu? Kati ya njia hizo, ipi ni salama? Na mke wangu, ambaye hajafikisha miaka 50, ataishi kwa kibali gani?

Jirani wa Mto Ping

Ndugu Mstaafu, nimeishi Chiang Mai mwaka wa tisa sasa kwa kibali cha ustaafu, kwa hiyo nitajibu yale ninayoyapitia kila mwaka na kuwaachia wengine mambo ya ardhi.

Hatimiliki ya fleti haikupi hata siku moja ya kukaa nchini. Ofisi ya ardhi ina sheria zake na idara ya uhamiaji ina zake, na wala hazijuani. Unaweza kumiliki fleti tatu na bado ukatakiwa kuondoka kibali kikiisha; unaweza pia kukaa miaka 20 bila kumiliki hata msumari.

Kinachotazamwa ni umri na fedha. Lazima uwe umetimiza miaka 50, na uonyeshe ama baht 800,000 katika akaunti ya benki ya Thailand, ama kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, ama mchanganyiko wa akiba na kipato unaofikia 800,000 kwa mwaka. Njia ni mbili. Ya kwanza ni viza ya O-A, unayoiomba ubalozini kabla ya kusafiri. Hiyo hudai hati ya polisi ya kutokuwa na makosa ya jinai, cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba huna ukoma, kifua kikuu, matende, kaswende ya hatua ya tatu wala uraibu wa dawa za kulevya, pamoja na bima ya afya ya baht milioni 3. Ya pili ni kuingia kwa viza ya aina ya O ya siku 90, kufungua akaunti, kisha kuomba nyongeza ya mwaka mmoja mmoja humo humo nchini kwa ada ya baht 1,900. Mimi nilipita njia ya pili. Vyovyote utakavyoingia, huruhusiwi kufanya kazi.

Hizo baht 800,000 zina masharti ambayo dalali hatakutajia. Zinatakiwa ziwe zimelala katika akaunti miezi miwili kabla ya maombi na miezi mitatu baada ya kukubaliwa, na baada ya hapo salio lisishuke chini ya 400,000 mpaka utakapozijaza tena kwa ajili ya mwaka unaofuata. Nawe utaulizwa ushahidi wa mstari kwa mstari. Mwaka wangu wa pili nilifika mbele ya afisa nikiwa na barua ya benki ya asubuhi hiyo hiyo. Alikifungua kitabu cha akaunti, akaishusha ncha ya kalamu yake taratibu kwenye safu ya mwisho ya tarakimu, akasimama katikati ya ukurasa na kuchora duara dogo jekundu. Benki ilikuwa imekata baht 200 za ada ya kadi, na salio likasoma 799,800. Sikubishana. Nilikuwa na siku za kutosha kabla kibali hakijaisha, nikaomba upya kwa njia nyingine, yaani kwa ushahidi wa pensheni. Tangu siku hiyo akaunti ile haina kadi, na daima ina ziada.

Mkeo ataombewa kibali cha mtegemezi wako, kwa cheti cha ndoa kilichotafsiriwa na kuthibitishwa, wala hatadaiwa baht 800,000 nyingine. Akifika miaka 50 anaweza kuomba kwa jina lake mwenyewe, na ningekushauri afanye hivyo.

Mengine ni ya nidhamu tu. Kila siku 90 unaripoti anwani yako, na ukichelewa faini ni baht 2,000. Mwenye nyumba anatakiwa kuitaarifu idara ya uhamiaji ndani ya saa 24 tangu mgeni aanze kulala kwake. Ukimiliki fleti, mwenye nyumba ni wewe. Na usitoke nchini, hata kwa mazishi ya ghafla, bila kibali cha kurejea, kwa maana ukitoka bila hicho nyongeza yako ya mwaka mzima hufutika pale pale mpakani.

Wakili wa Zamani

Ndugu Jirani amenipunguzia kazi. Nami nianze na lile la kampuni, kwa sababu ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote: usilikubali hata kwa punguzo.

Sheria ya ardhi ya Thailand ya mwaka 1954 inamzuia mgeni kumiliki ardhi, na kampuni ambayo wageni wanashika zaidi ya asilimia 49 ya mtaji huhesabiwa kuwa ya kigeni. Watu walidhani wamepata mwanya: wawekwe raia wanaoshika asilimia 51 bila kutoa senti. Ila sheria hiyo hiyo inamtaja raia anayeshika ardhi kwa niaba ya mgeni, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 2, huku ardhi yenyewe ikiamriwa kuuzwa. Dalali anaposema kila mtu hufanya hivyo, muulize kama yeye atakubali jina lake liwe miongoni mwa hao wenye hisa. (Niliwahi kumwambia mteja aulize hivyo. Simu haikupigwa tena.)

Mkataba wa upangaji ni halali, lakini hesabu ya 30 mara tatu si ya kisheria. Ukomo ni miaka 30, na mkataba unaozidi miaka 3 lazima uandikishwe kwenye ofisi ya ardhi, la sivyo unatambulika kwa miaka 3 tu. Miaka ile 30 ya pili na ya tatu ni ahadi ya mwenye kiwanja wa leo. Akifa au akiuza, mrithi au mnunuzi anaweza kukuambia kwamba hakuahidi chochote. Aidha, upangaji ni haki inayoambatana na mtu: kwa kawaida mpangaji akifariki unakwisha, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Kwa hiyo majina yenu wote wawili yawe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Kwa mtu wa miaka 58, miaka 30 iliyoandikishwa vizuri si haba, mradi bei iwe ya miaka 30 na si ya miaka 90.

Kuna haki nyingine ambayo madalali hawaitaji mara kwa mara, labda kwa kuwa haina kamisheni nono: haki ya kutumia mali ya mtu mwingine kwa muda wote wa uhai wako, ambayo huandikwa nyuma ya hatimiliki ya mwenye kiwanja. Hairithiwi, lakini mwenye kiwanja akiuza, mnunuzi hawezi kukutoa. Kwa mwembe wa mkeo, hiyo ningeiulizia kabla ya upangaji.

Sasa fleti. Sheria ya mwaka 1979 inaruhusu wageni kumiliki fleti kabisa, kwa jina lao, ilimradi wageni wote kwa pamoja wasizidi asilimia 49 ya eneo la fleti zote za jengo. Ndiyo maana fleti mbili zinazofanana, ghorofa moja, moja yaweza kuuzwa kwa mgeni na nyingine isiweze. Dai barua ya uongozi wa jengo inayoonyesha nafasi iliyobaki ya wageni, na nyingine inayothibitisha kwamba muuzaji hadaiwi ada za jengo. Bila hiyo ya pili ofisi ya ardhi haihamishi umiliki.

Halafu kuna fedha, na hapa ndipo watu waangalifu wanapojikwaa. Fedha za kununulia lazima ziingie Thailand kutoka nje zikiwa fedha za kigeni, zibadilishwe kuwa baht na benki ya huko, na benki itoe hati inayoonyesha hivyo. Mtu akibadilisha fedha kwao kisha akatuma baht, nia yake ni njema lakini hana hati, na bila hati hakuna uhamisho. Jina la mnunuzi lionekane kwenye hati na madhumuni yaandikwe kuwa ni kununua fleti. Itunze hati hiyo kama cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa siku ukiuza na kutaka kuzitoa fedha zako nchini, ndiyo itakayoulizwa.

Namsahihisha Ndugu Jirani kidogo: ipo viza moja ambamo mali huhesabika, nayo ni ile ya miaka 10 iliyoanzishwa mwaka 2022. Mstaafu wa miaka 50 au zaidi anatakiwa awe na kipato cha dola 80,000 kwa mwaka kisichotokana na ajira; akiwa na kati ya 40,000 na 80,000, anaweza kujaziliza kwa uwekezaji wa dola 250,000, ukiwamo wa nyumba. Kama pensheni yako haifiki huko, hesabu ya Jirani ndiyo yako.

Mama wa Ghorofa ya Nne

Kaka yangu, wamekueleza vizuri, ila wote wamesema kana kwamba mtakuwa hai wote wawili mpaka mwisho. Mimi ni mjane.

Marehemu mume wangu alinunua fleti kwa jina lake peke yake, kwa sababu hati ya benki ilikuwa na jina lake. Akaunti yenye zile baht 800,000 ilikuwa yake, na kibali changu kilikuwa cha mtegemezi. Alipofariki, wiki hiyo hiyo akaunti ilifungwa mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Hakukuwa na wasia uliofanywa huko, hivyo vyeti vyote vilitakiwa kuletwa kutoka nyumbani, kutafsiriwa na kugongwa mihuri. Fedha zilikuwapo, nami nilikuwa naziona kwenye kitabu chake, lakini nilikopa kwa majirani ili nilipe umeme.

Kibali changu kilikuwa kimeegemea cha mtu ambaye hayupo tena. Kuhusu fleti, niliambiwa kwamba mrithi wa kigeni asiyetimiza masharti ya umiliki anatakiwa kuiuza ndani ya mwaka mmoja. Niliiuza kwa haraka, na mnunuzi alijua kwamba nina haraka. Sasa napanga katika jengo lile lile, ghorofa tatu chini ya kwetu.

Hivyo mkinunua, nunueni kwa majina mawili, na kila mmoja awe na ushahidi wa fedha zake kutoka nje. Wasia wa mali ya huko ufanywe huko, kwa lugha ya huko. Na mkeo awe na akaunti yake, yenye fedha za kumtosha mwaka mzima.

Mstaafu Mtarajiwa

Dada yangu, pole sana kwa msiba, na ahsante kwa kutueleza jambo ambalo si rahisi kulisimulia. Nilimsomea mke wangu jibu lako, akaninyang'anya simu akalisoma tena mwenyewe.

Tumeamua kuiweka kampuni pembeni kabisa. Tutapanga fleti kwa mwaka mmoja kwanza, kiinua mgongo kibaki kilipo, na suala la kununua tulizungumze mke wangu akishatimiza miaka 50. Nimebakiwa na swali moja: pensheni nitakayokuwa nikiiingiza kila mwezi, itatozwa kodi huko?

Jirani wa Mto Ping

Ukikaa siku 180 au zaidi katika mwaka wa kalenda unahesabiwa mkaazi wa kikodi, na tangu tarehe 1 Januari 2024 kipato cha nje unachokiingiza kinaweza kutozwa kodi. Akiba uliyoipata kabla ya tarehe hiyo haiguswi, kwa hiyo chukua sasa taarifa ya benki inayoonyesha salio lako la mwisho wa mwaka 2023. Kwa pensheni yenyewe, angalia kama nchi inayokulipa ina mkataba na Thailand wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, na usome kifungu cha pensheni, kwa sababu pensheni ya serikali na ya kampuni binafsi mara nyingi huwekewa kanuni tofauti. Na hiyo fleti ya kupanga, mwambie mwenye nyumba mapema kuhusu ile taarifa ya saa 24. Wako wanaosahau, na anayerudishwa dirishani ni mpangaji.