Riwaya ya mauaji: isomwe sura kwa sura, au imalizwe kwanza?

Wakuu, huu ubishi unarudi kila mara, leo naomba tuujadili vizuri. Kuna wanaosema riwaya ya mauaji ikifundishwa darasani au ikisomwa na kikundi, watu wasome sura moja wasimame, wajibu maswali, waandike wanamshuku nani, ndo waende sura inayofuata, na ole wake atakayechungulia mbele. Mimi napinga. Kitabu kisomwe chote kwanza, kila mtu kwa spidi yake, mkishamjua muuaji ndo mrudi mwanzo mchambue sura kwa sura.

Nitatoa mfano na huo mfano unafichua mwisho wa kitabu, kwa hiyo kama hujasoma The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie (1926) ishia hapa, kakisome kwanza halafu urudi tubishane.

Anayesimulia mle ndani ni Dk. Sheppard, daktari wa kijijini, jirani yake mpelelezi Hercule Poirot, na huyo daktari ndo muuaji. Sasa fungua sura ya 4. Sheppard yuko na Ackroyd chumbani, barua inaletwa saa tatu kasoro dakika ishirini usiku, imetoka kwa mama mmoja aliyejiua na ndani yake kuna jina la mtu aliyekuwa anamtishia na kumkamua hela. Ackroyd anagoma kuimalizia mbele ya daktari. Halafu Sheppard anatuambia tu kwamba saa tatu kasoro dakika kumi alimuacha, barua bado haijasomwa, akashika kitasa, akageuka kuangalia kama kuna kitu amesahau kukifanya, akatoka. Basi! Dakika kumi zimepita katikati ya sentensi mbili na ndani yake Ackroyd kauawa, na msimuliaji hajasema uongo hata neno moja.

Haya mwalimu, sura ya 4 imeisha, unauliza swali gani? Ukiuliza "daktari alifanya nini kati ya saa hizi mbili" umeshamtaja muuaji, maana wanafunzi sio wajinga, wanajua ukiuliza jambo basi jambo hilo lina maana. Usipouliza, unabaki na maswali ya nani alikaa wapi mezani na barua ilikuwa na rangi gani, yaani umeruka sehemu iliyoandikwa kwa ufundi kuliko zote kwenye sura nzima. Mwandishi kaficha kidokezo kwa kukifanya kionekane hakina uzito na karatasi ya maswali kazi yake ni kuonyesha kipi kina uzito, hivyo viwili haviwezi kukaa pamoja kwenye usomaji wa kwanza. Kuna na kiti kilichokutwa kimesogezwa kwenye chumba alimouawa Ackroyd, nacho ni hivyohivyo, Poirot anakiulizia na wengine wanaona anapoteza muda.

Najua hoja ya upande wa pili na ina nguvu: hadithi hii yenyewe ilitoka kwanza vipande vipande mwaka 1925 kwenye gazeti la Evening News la London, kwa hiyo wasomaji wake wa mwanzo kabisa walisubiri, walikisia, walibishana. Kweli kabisa. Ila wale hakuna aliyewasimamia kwa maswali, kila mmoja alishuku kivyake na kudanganywa kivyake, na huko kudanganywa ndo raha yenyewe.

Halafu kuna ule mjadala mkubwa, je Christie alicheza rafu? Mwaka 1929 padri Ronald Knox, naye mwandishi wa hadithi za upelelezi, alitoa kanuni kumi za hizi hadithi na ya kwanza inasema mhalifu asiwe mtu ambaye msomaji amekuwa akiyafuata mawazo yake. Kwa kanuni hiyo Sheppard hapiti. Mi naona Christie alicheza haki kabisa kwa sababu kila kitu kipo pale kwenye ukurasa, lakini huwezi kunibishia wala kuniunga mkono kama umefika sura ya 9 na bado unamshuku mtumishi.

Kwa hiyo mnaotetea sura kwa sura tangu mwanzo, niwekeeni hapa swali moja tu la sura ya 4 linalozigusa zile dakika kumi bila kumchoma Sheppard. Mkilipata nitalisoma kwa makini.