Maji ya kisima yenye floraidi na watoto wadogo: naombeni ushauri, niko Maji ya Chai

MamaWawili
Habari za jioni wapendwa. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, nimeolewa Umeruni. Tulitoka huko Muheza, Tanga, tukahamia hapa Maji ya Chai, Arusha, miezi mitatu iliyopita, nyumbani kwa baba watoto. Mkubwa wangu ana miaka minne na nusu, mdogo ana miezi mitano.

Kinachoninyima usingizi ni maji. Watoto wengi hapa jirani meno yao ya mbele ni ya kahawia, wengine yameanza kumeguka. Kuna mmoja miguu imepinda, kila akipita naumia moyo. Tukapeleka maji ya kisima chetu maabara: miligramu 6 za floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, kwa kila lita, na tukaambiwa isizidi 1.5. Muda wote huo mimi nachemsha maji, tena muda mrefu, nikiamini nawalinda wanangu.

Mama mkwe amenipokea kama binti yake, sina la kumlaumu. Ila anasema wanawe wote wamekulia maji haya, na makande hayaivi bila magadi. Maji ya chupa kwa nyumba nzima hatuyawezi. Je, mkubwa nimeshachelewa? Na mdogo mwezi ujao naanza kumpa uji, nifanyeje?

Kijana_wa_Kikatiti
Pole dada. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi haipandi na mvuke, maji yanapungua yenyewe inabaki sufuriani, kwa hiyo ukichemsha sana unaikoleza. Dawa ya klorini na lile chujio la kawaida la mshumaa navyo haviiondoi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, hakuna aliyeyachafua haya maji.

Nesi_UsaRiver
MamaWawili, tulia kwanza. Meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi tangu mtoto akiwa mchanga hadi miaka kama minane. Floraidi nyingi ikimkuta humo, jino linatoka tayari na doa, na hakuna mswaki utakaolitoa. Sasa hesabu: meno ya mbele ya mkubwa wako yamejengeka zaidi katika miaka yake ya mwanzo, alipokuwa Muheza, kabla hajaanza kunywa maji haya. Yanayoendelea kujengwa sasa ni ya nyuma. Hujachelewa.

Wa kumlinda kuliko wote ni mdogo. Mnyonyeshe bila hofu, maana hata ukinywa maji ya kisima, floraidi inayopita kwenye maziwa yako ni kidogo mno. Hatari ni uji, au maziwa ya kopo, yaliyotengenezwa na maji hayo. Chai ya rangi usimpe yeyote kati yao, majani ya chai nayo yana floraidi. Mkubwa mpe maziwa na dagaa, kwa sababu mifupa yenye upungufu wa kalsiamu ndiyo inayoumizwa zaidi.

Na tusiishie kwenye meno. Mwaka 2024 mpango wa serikali ya Marekani unaochunguza sumu, NTP, ulipitia tafiti za nchi mbalimbali na kusema, kwa uhakika wa wastani, kwamba maji yanayozidi miligramu 1.5 yanahusiana na watoto kuwa na kiwango cha chini cha akili. Sisi huku tuna visima vinavyozidi hapo mara kadhaa. Hili linaniuma sana.

Fundi_Tengeru
Usiwaze nyumba nzima. Kufua, kuoga na kuosha vyombo, tumia kisima. Maji ya kunywa na kupikia watoto hawa wawili hayamalizi dumu la lita 20 kwa siku.

Mvua haina shida hiyo: funga gata, weka simtanki, mvua ya kwanza iache iende. Kiangazi tafuta chujio la mkaa wa mifupa, pale Ngurdoto wameufanyia kazi miaka mingi. Lipo pia la Dkt. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela hapa Arusha, lilishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Lolote utakalochukua, pima maji yanayotoka, na urudie kupima, maana mkaa unachoka na kwa macho hutajua.

Bibi_wa_Poli
Mwanangu, mimi ni mama mkwe wa watu na meno yangu ni hayo hayo. Usichana wangu wote nilicheka nimeziba mdomo. Usimwambie mkweo maji yake ni sumu, atasikia umemtukania kwake. Mwambie, "Mama, nisaidie kumtunzia mjukuu wako dumu hili." Mkabidhi yeye ufunguo wa simtanki. Magadi yetu nayo yana floraidi, hivyo mahindi na maharage yaloweke usiku kucha, asubuhi yataiva bila magadi. Mpikie wewe, aonje.

MamaWawili
Asante sana bibi, shikamoo. Nesi, hapo pa Muheza nimelia. Fundi, bati letu ni la zamani, upande wa barabarani lilipakwa rangi nayo imeanza kubanduka. Naweza kuvuna hapo?

Fundi_Tengeru
Upande huo hapana. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, nayo ni mabaya kwa ubongo wa mtoto. Funga gata upande usio na rangi, na mabaki yanayodondoka chini yafagie kabla mdogo hajaanza kutambaa.