Tupeane uzoefu: kusafirisha silaha za familia kutoka jimbo moja hadi jingine Marekani

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Massachusetts, na mke wangu ni mzaliwa wa West Virginia, ambako bunduki ya kuwindia hurithishwa kama shamba linavyorithishwa kwetu. Baba mkwe alipofariki aliacha wosia uliomtaja mke wangu kuwa mrithi wa bunduki mbili na shotigani moja, nasi tukalazimika kuzileta nyumbani kwa gari tukipita katika majimbo ambayo kila moja lina sheria yake. Nimefungua mada hii kwa sababu najua wengi wetu tumeoa au kuolewa katika familia za wawindaji, na siku ya msiba si siku nzuri ya kuanza kujifunza sheria.

Nianze na msingi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 ya kuwalinda wamiliki wa silaha inamruhusu msafiri kupita na silaha katika jimbo lenye masharti makali, ilimradi anaruhusiwa kuwa nayo kule anakotoka na kule anakokwenda. Silaha isiwe na risasi ndani, na silaha pamoja na risasi zake zisiwe mahali ambapo mtu aliyeketi ndani ya gari anaweza kuzifikia. Watu wengi hushika sharti la buti na kufuli, wakalisahau lile la miisho miwili ya safari, ilhali ndilo linalobeba ulinzi wote: kama huna haki ya kumiliki unakokwenda, sanduku la chuma halikusaidii.

Kwa hiyo mke wangu aliomba kwanza kibali cha Massachusetts, ambacho hupitia kituo cha polisi cha mji anapoishi mwombaji, na bunduki zikaendelea kukaa kwa msimamizi wa mirathi mpaka kibali kilipotoka. Shemeji zangu waliona tunachelewesha mambo, lakini sikuona sababu ya kubahatisha. Tulisafiri na nakala ya wosia, kibali chake, na orodha ya namba za silaha. Mwenye uzoefu wake naomba aueleze.

*Mchangiaji aliyeko Illinois*

Pole sana kwa msiba wa mkweo, ndugu. Ningependa kuongeza jambo ambalo linaitenga familia yangu na ya kwako. Ninyi mlirithi, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968 inaruhusu silaha ivuke mpaka wa jimbo kwenda kwa mrithi, iwe kwa wosia au kwa mgawanyo wa mirathi isiyo na wosia. Babu wa mke wangu, anayeishi Indiana, yuko hai, na alitaka kumkabidhi mwanangu mkubwa bunduki yake wakati wa sikukuu ya familia, mbele ya wajukuu wote. Zawadi kati ya watu wanaoishi majimbo mawili tofauti haina msamaha huo, hata kama ni babu na kitukuu wake. Ni lazima ipitie kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya shirikisho, ambaye humkagua mpokeaji katika kumbukumbu za jinai kabla ya kumkabidhi.

Ilitubidi kumweleza mzee jambo hilo kwa heshima, kwa kuwa yeye alikulia katika zama ambazo mkono ulitoa na mkono ukapokea. Bunduki ilikwenda kwa mfanyabiashara wa huku kwetu. Mwanangu, ambaye ni mtu mzima, alikuwa tayari na kadi ya utambulisho wa mmiliki wa silaha inayotakiwa Illinois, akasubiri saa 72 ambazo sheria ya jimbo inazitaka, kisha akaichukua. Ingekuwa bastola, mfanyabiashara angelazimika kuwa wa jimbo analoishi mpokeaji. Kwa bunduki ndefu sheria ya shirikisho inakubali hata wa jimbo jingine, mradi sheria za pande zote mbili zifuatwe. Nashauri kila familia ijiulize kwanza kama inarithi au inapewa, ndipo izungumzie gari na njia.

*Mchangiaji aliyeko Minnesota*

Mimi naomba kuwaonya walio hapa kwa viza za muda, kwa mfano wanafunzi. Nilipokuwa mwanafunzi, familia ya mchumba wangu iliniomba niendeshe gari lenye bunduki za baba yao kutoka Wisconsin, kwa nia njema kabisa. Nilikataa, nikawaeleza sababu: sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda kuwa na silaha au risasi, isipokuwa awe na jambo mahususi linalomtoa katika katazo hilo, kama vile leseni halali ya uwindaji. Na kuwa nayo hakumaanishi kuimiliki tu. Kuishika na kuwa na mamlaka juu yake kunatosha. Mwenye ukaazi wa kudumu hayumo katika katazo hilo. Kwa mtu ambaye hatima yake nchini inategemea faili la uhamiaji, hili ni zito kuliko adabu kwa wakwe, na wakwe zangu walipolielewa waliliheshimu.

*Mchangiaji aliyeko Pennsylvania*

Sisi tunaoishi jirani na New Jersey tuna kisa tunachokirudia kila mara. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, aliyekuwa na kibali halali cha Pennsylvania cha kubeba bastola, alisimamishwa barabarani ng'ambo ya mpaka akamwambia askari wazi kwamba ana bastola na kibali. Kibali chake hakikutambuliwa kule, akashtakiwa kwa kosa ambalo lingeweza kumfunga miaka, hadi Gavana Chris Christie alipompa msamaha mwaka 2015. Kibali cha kubeba silaha cha jimbo moja hakitambuliwi moja kwa moja na jimbo jingine, na leseni ya udereva isiwadanganye kwamba kila karatasi ya jimbo inavuka mpaka.

Kuhusu gari, sisi tuna pikapu, na pikapu haina buti lililotengwa na abiria. Kwa gari la namna hiyo sheria ya 1986 inataka silaha na risasi ziwe ndani ya chombo kilichofungwa kwa kufuli, na inasema waziwazi kwamba kile kisanduku cha dashibodi na kile kilicho katikati ya viti havihesabiki, hata vikiwa na ufunguo. Tulinunua kasha gumu, tukalifunga nyuma ya viti, na risasi tukazitia katika kasha la pili. Vilevile tulijaza mafuta kabla ya kuvuka mpaka na tukalala tulikofika. Sheria inamlinda apitaye. Mwenye kusimama akafanya ziara ya siku mbili njiani anajiweka katika mabishano ambayo sitaki familia yangu iyaingie.

*Mchangiaji aliyeko Utah*

Ndugu wa Pennsylvania amesema kweli kuhusu kusimama, na kwa ndege hatari ni kubwa zaidi. Utaratibu wenyewe ni mwepesi: silaha isiyo na risasi huwekwa katika sanduku gumu lenye kufuli, hutangazwa kwenye kaunta ya shirika la ndege, na husafiri na mizigo ya chini, kamwe si mkononi. Nimefanya hivyo na bastola ya marehemu baba mkwe bila tatizo. Ninachokikwepa ni kuunganisha ndege katika viwanja vya New York na New Jersey. Mwaka 2005 msafiri kutoka huku Utah aliyekuwa akielekea Pennsylvania alikosa ndege ya kuunganisha huko Newark, akakabidhiwa begi lake, akalala nalo hotelini, na asubuhi alipoitangaza bastola yake kwenye kaunta akakamatwa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini alipodai fidia, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua mwaka 2010 kwamba ulinzi wa sheria ya 1986 haukumfikia, kwa kuwa silaha na risasi zilikuwa karibu naye usiku ule. Mimi hulipia ndege ya moja kwa moja hata ikiwa ghali.

*Mchangiaji aliyehamia California*

Kwa anayehamia na familia nzima: mkazi mpya wa California ana siku 60 za kuziripoti silaha zake kwa idara ya sheria ya jimbo, na magazini inayobeba zaidi ya risasi 10 hairuhusiwi kuingizwa. Mume wangu alizitenga magazini hizo, akamwachia kaka yake Arizona kabla hatujapakia mizigo. Baadhi ya bunduki haziruhusiwi kabisa kuingia, kwa hiyo piteni orodha yenu silaha moja moja mkiwa bado mlikotoka, kwa sababu mkishavuka mpaka hakuna siku za kujitetea kwa aina hizo.

*Mwanzisha mada*

Nawashukuru nyote. Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu Alaska, ambako mjomba wa mke wake anamwachia bunduki za kuwindia na anataka kuzileta kwa barabara. Njia hiyo hupita Kanada, na sheria ya Marekani ya 1986 haina nguvu kule. Kwa bunduki za kawaida za kuwindia hujazwa tamko la silaha la mtu asiye mkazi, hulipiwa dola 25 za Kanada, nalo hudumu siku 60. Bastola haziingii katika utaratibu huo mwepesi. Ajaze fomu mapema, lakini asitie saini nyumbani: hutiwa saini mbele ya ofisa wa forodha wa Kanada.