Naomba ushauri: Peugeot 504, niweke nini chini ya kapeti?

Wakuu habari zenu, nina Peugeot 504 ya mwaka 1978, ilikuwa ya mzee, naifufua taratibu hapa Tanga na sasa nimefika ndani. Nimetoa siti na kapeti, nimekuta felti ya chini imeoza, imenyonya maji kama godoro, na bati la miguuni kwa dereva limeshika kutu, bahati halijatoboka. Zile shiti za lami zilizogandishwa kwenye bati nazo zimekauka, nazibandua kwa patasi, kazi ya jasho kwelikweli.

Fundi bodi anasema nisihangaike, nipige red oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) halafu nibandike shiti ya lami ya kuzibia mapaa, eti bei rahisi. Mi naogopa, jua la huku gari ikilala nje mchana si italainika na harufu ndo utaishi nayo? Mwingine kanishauri mati za butili (mpira laini unaonata) zenye foili, ila nijuavyo zile zinaua mtetemo wa bati, joto la giaboksi na ekzosi haziliziwii sana, kwa hiyo juu yake inabidi iende foamu isiyonyonya maji. Felti siitaki tena, kwa unyevu huu wa pwani hapana aisee.

Sasa foamu ya milimita 5 inatosha au niende 10, kapeti itakubali kulala kweli? Na kwenye rufu mnatumia gundi gani isiyoachia joto likipanda? Mwenye kujua duka Dar linalouza butili orijino naye anidokeze, hata inbox.